Maji Yalikuja kwa Nyuma

Kama una harusi upande wa Old Kampala na hutaki mwanamume mgeni awachungulie wanawake wako kwa kamera, unamwita Shifa. Atakuja na begi begani na raba za mazoezi miguuni, atakufokea kwamba sebule yako ina mwanga wa kaburini, kisha atamshika bibi harusi kidevu bila kuomba ruhusa na kuugeuza uso wake mpaka ukutane na dirisha. Watu wanamwogopa kidogo. Lakini picha zake hakuna anayezirudisha.

Studio yake iko chini ya jengo la zamani la Wahindi, karibu na msikiti mkubwa. Ghorofani anakaa mama yake, Sitti. Studio aliianzisha marehemu baba yake, Mzee Maftah, naye aliacha vitu viwili vya maana, desturi na pazia. Desturi yenyewe ni kwamba kamera haifyatuliwi pasipo mtu mbele yake. Filamu ilikuwa ghali siku zile, na mzee aliona ni wazimu kuipotezea kilima au ua. Pazia lilikuwa la bahari, la kusimamisha wateja mbele yake. Alilichora fundi wa mabango wa Katwe ambaye hata Jinja hakuwahi kufika, sembuse Mombasa, na mawimbi yake yalisimama wima kama meno.

Kwa nini bahari? Kwa sababu babu wa babu yao alikuja Buganda na msafara wa nguo na pembe, akaoa huku na akazikwa huku. Mpaka leo ukimuuliza Mama Sitti kwao ni wapi, atakuambia ni Pwani, na atalisema kwa sauti ya mtu aliyeshuka kwenye basi juzi. Pwani yenyewe hajaiona hata siku moja. Na Kiswahili chake, anachoamini ni cha huko huko, kingewachekesha watu wa huko mpaka wakae chini.

Mdogo wake Shifa, Wasim, ndiye aliyechoka na pazia lile. Alikuwa kijana wa kupenda mambo yawe ya kweli. Wateja wanacheka, alisema, wanatuuliza kama hayo ni maji au ni uzio. Yeye angekwenda Pwani apige picha ya jua likichomoza wakati maji yamekupwa na mchanga umelala wazi unang'aa mpaka mbali, kisha wachapishe kitambaa kikubwa cha ukuta mzima. Mke wake, Zuleika, alimfungia chapati kwenye kitambaa. Walikuwa wameoana miaka miwili na bado walikuwa wanachekeana ngazini.

Alifika kijiji kimoja kusini mwa Mombasa, akapiga simu. "Dada, maji yameondoka kabisa! Mtu anaweza kutembea mpaka India."

"Na kwenye picha utamuweka nani?" Shifa aliuliza.

"Nitajiweka mwenyewe. Nitaitega kamera ijipige, mimi niende mbele. Kesho alfajiri, kabla watu hawajachafua mchanga."

Hiyo ndiyo ilikuwa simu ya mwisho. Kesho yake simu yake iliita bila kupokelewa, na keshokutwa haikuita tena. Polisi wa kule walisema wameona begi la nguo kwenye nyumba ya wageni, mwenyewe hawajamwona, wala maiti hawajaiona. Basi watu wa Kampala, unawajua, wakaanza kumwona wao. Mmoja alimwona Eldoret anauza simu. Mwingine alisikia ameoa mwanamke wa Mombasa. Waliokuja nyumbani walisimama mlangoni bila kujua waseme pole au waulize habari za msafiri.

Aliyeumia zaidi ni Zuleika. Sheikh Abdul-Karim, aliyewasomesha madrasa Shifa na Wasim wote wawili, alilisema jambo lile kwa upole lakini hakulizungusha: aliyepotea si maiti, na mke wake ni mke mpaka ipatikane hakika. Hawezi kukaa eda ya mume ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Kwa hiyo Zuleika alikuwa mke. Kila jioni alioga, akajifukiza udi, akavaa gauni la nyumbani lililo zuri, akakaa karibu na ngazi. Mama Sitti ndiye aliyemsimamia. "Mume akirudi akute mke," alimwambia. "Mtoto yangu hapana kufa. Ningejua mimi."

Miezi ikapita hivyo. Siku moja asubuhi Oloya alisimama mbele ya studio na mfuko wa plastiki mkononi. Oloya ni polisi anayekaa kambini Naguru, mtu mrefu wa Gulu mwenye sauti ya paredi, na watoto wake wote wamepigwa picha na Shifa tangu wakiwa wa kubebwa. Alikuwa ametumwa kikazi Mombasa. Akaingia, akavua kofia.

"Shifa, mimi nilienda mwenyewe kwa ile kituo," alisema. "Hii ndiyo mashine ya ndugu yako. Ilikuwa inasimama juu ya jiwe kubwa, maji hapana fika pale. Mama moja ya kuokota pweza ndiye alichukua. Akaogopa polisi, akaficha chini ya kitanda. Siku mingi. Sasa roho ikamsumbua, akaleta."

"Na mtu, Afande?"

"Mtu hapana." Aliitazama sakafu. "Mtu hawakupata."

Ndani ya mfuko mlikuwa na kamera na begi lake la turubai, na ndani ya begi mchanga mweupe wa kujaza viganja viwili. Mchanga ulikuwa umelowa. Shifa alishangaa, kwa sababu kitu kilichokaa uvunguni siku zote zile na kusafiri kwa basi kutoka Mombasa hakina haki ya kuwa na maji. Mama Sitti aliuona, akaukusanya wote kwenye sinia, akapanda nao juu.

Adhuhuri mchanga ulikuwa umekauka kabisa. Magharibi ukawa umelowa tena, na hakuna aliyeugusa. Kesho yake ukafanya vile vile, ila ulichelewa kidogo, na siku iliyofuata ukachelewa zaidi. Shifa alisema ni unyevu wa Kampala, ni mvua, ni bomba la ukutani. Alisema mengi. Lakini bomba halina saa, na Shifa mwenyewe alipochovya kidole na kukionja kilikuwa na chumvi, akatema kwenye leso na hakusema tena habari ya bomba.

"Unaona?" Mama Sitti alisema, na uso wake uling'aa kwa mara ya kwanza tangu simu ile. "Inapumua. Mtoto iko hai."

Zuleika aliweka kiganja juu ya mchanga, akakiondoa haraka. Kisha alikwenda kunawa mikono, na alinawa muda mrefu.

Kadi ya kamera Shifa hakuigusa mara moja. Alijiambia ana harusi Ntinda, ana picha za paspoti, ana hiki na kile. Mwishowe, mchana mmoja baada ya sala, alishusha mlango wa chuma wa studio, akaketi mbele ya kompyuta na akaifungua. Nje bodaboda walikuwa wanapigiana honi na jua lilikuwa kali. Ndani kulikuwa na feni tu.

Picha za kwanza zilikuwa za giza, na utepe mwembamba wa rangi ya chungwa chini ya mbingu. Kisha mchanga ukaonekana. Shifa hakuwahi kuona ardhi kama ile. Ilikuwa tambarare, ikimetameta, na mabonde madogo madogo yaliyobaki na maji, halafu mbali sana fungu la mchanga lililoinuka kidogo, na nyuma ya fungu hilo bahari yenyewe, mstari tu. Kulia kulikuwa na mwanamke ameinama na ndoo na fimbo. Katika picha iliyofuata Wasim aliingia. Alikuwa amekunja suruali, anatoka upande wa kamera na kuelekea kwenye fungu. Alikuwa amevaa shati jeupe ili aonekane vizuri. Hilo lilimfanya Shifa atabasamu, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha.

Kamera ilikuwa imetegwa ijipige yenyewe kila baada ya muda mfupi, na picha zilikuwa nyingi. Shifa akabonyeza haraka haraka, na Wasim akaanza kutembea. Kweli kabisa, alitembea pale kwenye kioo, kwa hatua za kukatika katika, mpaka kwenye fungu la mchanga. Akasimama. Akageuka, akaitazama kamera, akaweka mikono nyuma kama mteja. Jua likachomoza begani pake.

Mwanamke wa pweza alikuwa ameinuka. Katika picha moja alikuwa tayari anarudi ufukweni na ndoo yake kichwani, na katika iliyofuata alikuwa amesimama, amegeuka, mkono mmoja juu. Na kule mbali Wasim naye alikuwa ameinua mkono. Shifa aliitazama picha ile kwa muda kabla hajaelewa. Mwanamke alikuwa anamwita atoke. Wasim alidhani anasalimiwa, akamsalimu. Alikuwa kijana mwenye adabu. Kisha akawapa mgongo wote wawili, mwanamke na kamera, akalitazama jua, mikono nyuma vile vile.

Usimcheke. Habari ya maji kukupwa na kujaa aliijua, hata watoto wa madrasa wanaijua. Lakini yeye alizaliwa karibu na ziwa ambalo maji yake unayakuta pale pale ulipoyaacha, na kichwani mwake bahari ilikuwa inarudi kwa mbele, taratibu, unaiona inakuja, unakunja suruali na kurudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba maji huanza kwa kujaza mabonde. Hakuna aliyemwambia yanapita pembeni na kukuzunguka, na kwamba wewe uliyesimama penye mwinuko unabaki mkavu, umetulia, unatazama jua, na nyuma yako njia imeshaondoka.

Shifa aliyaona. Yeye alikuwa upande wa kamera, kwa hiyo aliyaona kabla ya ndugu yake. Utepe mdogo wa maji uliingia kutoka kushoto, kati ya jiwe na fungu. Picha iliyofuata ukawa mpana. Wasim bado alikuwa ameweka mikono nyuma. "Tazama chini, tazama miguu," Shifa alisema kwa sauti, akiwa peke yake ndani ya studio iliyofungwa. "Wasim. Toka hapo."

Na Wasim akatazama chini. Shifa aliondoa kidole kwenye kitufe kana kwamba kimemchoma.

Aliporudia kubonyeza, Wasim alikuwa anarudi. Alikuwa anakuja moja kwa moja kuelekea kamera, kuelekea kwake, na kila picha uso wake ulikuwa mkubwa zaidi. Shifa alijikuta anasema njoo, njoo, njoo. Maji yakamfika magoti. Yakamfika kiunoni, na pale alisimama, kwa sababu bonde lenyewe lilikuwa mbele yake na hakujua kuogelea. Kinywa chake kilikuwa wazi. Alikuwa anaita, na huko alikokuwa anaita hapakuwa na mtu isipokuwa kamera. Katika picha moja kilionekana kichwa na mkono. Katika iliyofuata palikuwa na maji.

Kamera haikujua kitu. Iliendelea kupiga mpaka ilipoisha chaji. Na picha iliyokuja mara baada ya ile, Mungu atusamehe, ilikuwa nzuri kuliko zote. Jua lilikuwa limetoka lote, maji yamelala kama sinia la shaba, mbingu haina doa. Ndiyo picha aliyoifuata. Shifa aliona kwamba ni nzuri, macho yake ya kazi yaliona kabla moyo haujayazuia, na akayachukia macho yake.

Kisha akafanya jambo ambalo lingemfunga siku nyingi. Alibonyeza kurudi nyuma. Maji yakafunguka, mkono ukatoka, kichwa kikatoka, Wasim akainuka mkavu, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye fungu, akaweka mikono nyuma. Utepe wa maji ukapungua, ukaondoka. Mwanamke akashusha mkono. Wasim akarudi kinyumenyume mpaka kwenye jiwe, karibu kabisa, mzima, suruali imekunjwa vizuri. Shifa alimrudisha namna hiyo, akamwacha azame, akamrudisha tena. Alipoinua mlango wa chuma watu walikuwa wanatoka msikitini sala ya alasiri.

Akawa hivyo kila mchana. Wateja walikuta mlango umeshushwa. Alikonda, akaacha kufoka, na hilo ndilo lililowatisha majirani. Wakati mwingine, akirudisha nyuma, alihisi kwamba Wasim aliyetoka majini hakuwa na uso ule ule aliokuwa nao alipoingia. Alikuwa anamtazama zaidi. Alikuwa kama amechoka kutolewa.

Zuleika alimkuta ngazini. Alikuwa amevaa gauni la kijani, nywele zake zinanukia udi.

"Wifi, ile kadi umefungua?"

"Bado."

"Banange, wifi! Unashusha mlango kila siku, unafanya nini mle? Umeona." Sauti ya Zuleika haikupanda. "Mama anasema iko hai, watu wanasema iko na mwanamke, Sheikh anasema ngoja. Mimi najifukiza udi kila jioni kwa ajili ya nani? Niambie tu mimi ni nani. Kama ni mke, nitakaa na nitangoja mpaka nizeeke. Kama ni mjane, niache nilie. Sijalia, wifi. Sina ruhusa ya kulia."

Shifa aliona aibu kubwa. Yeye alikuwa na Wasim kila mchana, wa kumzamisha na kumfufua apendavyo, na mwenye mume alikuwa nje ya mlango.

"Mwite Sheikh," alisema.

Walikaa chumbani kwa Mama Sitti, juu ya mkeka. Sheikh Abdul-Karim alikataa kompyuta. "Picha siichukui kuwa shahidi," alisema. "Mtambo hauna dini na hauapi. Lakini wewe, Shifa, nimekusomesha. Hujui kudanganya hata pale ambapo ingekufaa. Sema kwa kinywa chako, umeona nini?"

Kabla Shifa hajafungua kinywa, Mama Sitti alisukuma sinia lake mbele ya Sheikh. "Na mimi niko na shahidi yangu. Shika hii."

Sheikh alishika mchanga. Kisha alifuta kidole kwenye kanzu, taratibu, na kwenye kitambaa cheupe ikabaki alama ya maji. Wote waliiona. "Mambo ya Mungu ni mengi, Mama," alisema. "Lakini nimemuuliza aliyeona."

Shifa alisimulia. Aliwaambia habari za shati jeupe, za mwanamke aliyeita na salamu aliyorudishiwa, na za maji yaliyokuja kwa nyuma. Alisimulia bila kusita, kwa sababu alikuwa amekwenda njia ile mara nyingi. Mwisho alisema, "Nimemwona Wasim akifa. Sikusikia, nimeona."

"Picha ni karatasi," Mama Sitti alinong'ona.

"Alikuwa anaita, Mama. Nimeona kinywa chake."

Sheikh aliuliza tarehe. Shifa aliitaja, ilikuwa imeandikwa pembeni mwa kila picha. Sheikh akasoma innalillahi, akainamisha kichwa. Zuleika alikuwa tayari anavua bangili moja moja na kuziweka mkekani. Usoni kulikuwa na kitu kama nafuu. "Basi nianze eda," alisema. "Naanza leo, Sheikh?"

Sheikh alikuwa anahesabu kwa vidole. Alihesabu, akarudia, na akachelewa kuinua macho.

"Mwanangu," alisema, "eda ya kufiwa huhesabiwa tangu siku ya kufa. Si tangu siku ya habari. Miezi minne na siku kumi. Imemalizika wiki iliyopita."

"Imemalizika vipi? Sijakaa."

"Ulikuwa ndani yake bila kujua. Huna eda tena. Uko huru."

Zuleika aliziangalia bangili. "Idd nilivaa nyekundu," alisema. "Nilipaka hina mpaka hapa. Nilikuwa mjane na hina?"

"Huna dhambi. Hukujua."

"Sikuuliza dhambi, Sheikh."

Sheikh aliaga kwa sauti ndogo, akatafuta viatu vyake na akashuka ngazi.

Mama Sitti alibaki ameketi. Kisha aliinuka kwa kushika ukuta, akafungua sanduku, akatoa shuka mbili nyeupe zilizokunjwa. Moja alimfunika Zuleika kuanzia kichwani, akaibana chini ya kidevu kwa mkono wake mwenyewe. Nyingine akajifunika yeye.

"Sheria imemaliza na wewe," alisema. "Mimi na wewe hatujaanza. Kaa, mwanangu."

Zuleika alikaa, akaegemea bega la mkwewe, na sauti iliyomtoka ilisikika mpaka mtaani. Chini, mwenye duka la vitambaa alizima redio yake. Shifa alikuwa amesimama mlangoni, hajui aingie au atoke, kwa sababu ndiye aliyeileta habari.

"Mama," alisema, "na mimi?"

Mama Sitti alimgeukia. "Kule chini, siku zote zile," aliuliza, "ulikuwa unalia?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa naangalia tu."

Mama Sitti akasogea kidogo, akampisha mkekani.

"Basi funga mlango," alisema, "uje ulie."